Watoto Kando ya Barabara: Tarikhi ya Kumngoja Mkubwa wa Nchi, Kitale na Bungoma

Katika nchi iliyo chini ya Mlima Elgon, baina ya mashamba ya mahindi ya Trans Nzoia na vilima vya Bungoma, zimo njia mbili ambazo kwa muda wa karibu karne nzima zimewaletea watoto habari za dola. Ya kwanza hutoka Eldoret, ikapita Soy na Moi's Bridge, mji uliokuwa ukiitwa Hoey's Bridge zamani za walowezi, hata ikafika Kitale. Na hapo Kitale hugawanyika, mkono mmoja ukapanda kaskazini kwenda Kapenguria na Lodwar, na mwingine ukateremka kusini kwa Kiminini na Kamukuywa mpaka Webuye. Ya pili ni barabara kuu ya Uganda, ambayo hupita Webuye na Bungoma ikielekea Malaba, ikiandamana na reli. Watu wazima wamezitumia njia hizi kwa biashara, kwa ajira na kwa matanga. Lakini watoto wamezitumia kwa jambo jingine pia, ambalo vitabu vya tarikhi aghalabu hulipita bila kulitazama: wamesimama kando yake, mikono imeshika vijibendera au matawi mabichi, wakimngoja mtu aliyesemwa kuwa ndiye mkubwa wa nchi.

Nasadiki kwamba kungoja huko si jambo dogo, wala si mchezo wa kitoto wa kupuuzwa. Mtoto hajui katiba, wala hajui bajeti, wala hajui namna sheria zinavyotungwa. Lakini anajua kwamba iko nguvu asiyoiona inayomtoza babaye kodi, inayomleta mwalimu darasani na dawa zahanatini, na inayomfanya chifu asimame wima anapoitaja. Siku akiambiwa kwamba nguvu hiyo ina uso kama nyuso za watu wengine, na kwamba uso huo utapita kesho mbele ya shule yao, usingizi humpaa. Shauku ile ni safi, kwa kuwa haijaingiwa na tamaa ya cheo wala ya ujira. Na kiongozi anayepokea shangwe yake amepokea amana, apende asipende. Yaliyotokea Kitale na Bungoma toka zama za Wazungu hata leo yanaonyesha jinsi amana hiyo ilivyopokewa na kila utawala, na jinsi ilivyotunzwa au kuvunjwa.

Mji wa Kitale ulikua kwa ajili ya walowezi. Baada ya Vita Vikuu vya kwanza, serikali ya Kiingereza iliwagawia askari wake wa zamani mashamba katika nyanda za Trans Nzoia, na mwaka 1926 tawi la reli likafika hapo ili kuyachukua mazao yao. Waafrika, ambao wengi wao walikuwa Wabukusu waliovuka kutoka upande wa Bungoma, walikaa katika mashamba hayo wakiwa vibarua na maskwota, wakilima vipande vidogo walivyoruhusiwa kwa sharti la kumfanyia kazi mwenye shamba. Mkubwa wa nchi wa zama zile alikuwa Gavana, mjumbe wa mfalme aliyeketi ng'ambo ya bahari. Naye alipozuru mikoani kwa adhama alivaa sare nyeupe na kofia yenye manyoya, akapokewa kwa gwaride. Kila tarehe 24 Mei, iliyokuwa Siku ya Dola, watoto wa skuli walipangwa safu safu wamwadhimishe mfalme ambaye hawakutumaini kumtia machoni aushini mwao.

Furaha ya watoto wale ilichanganyika na hofu, na hofu hiyo walirithishwa na wazee wao. Mzee wa Kibukusu alipomsimulia mjukuu wake habari za wenye amri, hakuacha kuitaja ngome ya Chetambe, juu ya Webuye, ambako mwaka 1895 majeshi ya Waingereza yaliwashinda watetezi wa nchi kwa silaha wasizoweza kushindana nazo. Na kabla mambo ya Chetambe hayajasahaulika, yakaongezeka ya Malakisi. Elijah Masinde wa Kimilili, aliyepata kuichezea Kenya mpira wa miguu katika ujana wake, alianzisha Dini ya Msambwa na kuwaambia watu kwamba Wazungu sharti waondoke. Tarehe 10 Februari 1948 umati wa wafuasi wa dini hiyo ulikusanyika Malakisi, polisi wakafyatua risasi, na watu 11 wakauawa. Masinde mwenyewe alikamatwa, akahamishiwa Lamu, mbali na mlima na watu wake. Hivyo mtoto wa Bungoma wa zama zile alikuwa na sura mbili za mkubwa machoni pake: mmoja mwenye manyoya kofiani, ambaye aliamriwa amshangilie, na mwingine mwenye maneno ya moto, ambaye alikatazwa hata kumtaja.

Likaja kisha jambo ambalo liliifanya Kitale isikike katika magazeti ya ulimwengu. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari, na usiku wa kuamkia tarehe 21 Jomo Kenyatta alikamatwa pamoja na wenziwe wengi. Serikali ilikusudia kumhukumu, lakini haikutaka hukumu hiyo isomwe mahali ambapo umma ungehudhuria. Basi ikaichagua Kapenguria, kituo kidogo katika nchi ya Wapokot, kama maili 24 kutoka Kitale, mahali ambapo hapakuwa na reli, wala simu, wala hoteli, na ambapo mgeni hakuruhusiwa kuingia bila kibali. Huko ndiko walikopelekwa Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng' Oneko, wakasimamishwa mbele ya Jaji Ransley Thacker katika jengo la skuli. Kesi iliyoanza mwishoni mwa mwaka ule ilikwisha tarehe 8 Aprili 1953, kwa hukumu ya kifungo cha miaka 7 na kazi ngumu.

Kwa kuwa Kapenguria haikuwa na pa kulala, Kitale ikawa ndio maskani ya kesi. Kila asubuhi magari ya mawakili na waandishi wa magazeti yaliondoka mjini yakapanda vilima, na kila jioni yakarudi yamejaa vumbi. Wakili mkuu wa utetezi alikuwa D. N. Pritt wa Uingereza, na pamoja naye walikuja Dudley Thompson wa Jamaica, H. O. Davies wa Nigeria, Chaman Lall wa Bara Hindi, na Wahindi wa Kenya kama Achhroo Kapila na Fitz de Souza. Hoteli za Wazungu hazikumpokea mtu asiye Mzungu, ijapokuwa ni msomi wa sheria aliyevuka bahari, na majumba ya Wahindi ndiyo yaliyowafungulia milango wale ambao hoteli ziliwakataa. Mtoto wa kibarua aliyekuwa akiuza mayai au akichunga ng'ombe kando ya njia ile aliweza kuyaona magari, na kuwaona watu weusi waliovaa suti wakizungumza na Wazungu bila kuinamisha vichwa, jambo ambalo katika Kitale ya walowezi lilikuwa ajabu kubwa. Aliona yote hayo, ila yule mtu mwenyewe aliyewakusanya hakumwona.

Hapa ndipo ninapoliona kosa kubwa la watawala wale, na ndipo mtoto anapotufundisha jambo juu ya madaraka. Walidhani kwamba mtu akifichwa macho ya watu, atatoka na nyoyoni mwao. Walimweka Kenyatta Lokitaung, kisha mwaka 1959 wakamhamishia Lodwar, katika jangwa ambalo njia yake ya nchi kavu ni hiyo hiyo ipitayo Kitale. Na kila mwaka aliopita asionekane, jina lake lilizidi kukua. Mtoto asiyemwona mtu humjenga kwa fikira zake, na fikira hazina askari wa kuzizuia. Wakati wa uchaguzi wa mwaka 1961 chama cha KANU kilipodai Uhuru na Kenyatta, vijana walioupaza mwito huo walikuwamo wengi ambao hawakupata kumwona hata mara moja. Alirudishwa Gatundu tarehe 14 Agosti 1961, akawa Waziri Mkuu siku ya Madaraka, 1 Juni 1963, na nchi ikapata uhuru wake tarehe 12 Desemba mwaka huo huo. Mwaka 1966 Kenya ilipotoa sarafu zake yenyewe, sura ya Kenyatta ilichongwa juu yake. Na mtoto wa Bungoma aliyetumwa dukani kununua chumvi alimbeba kiongozi wake katika kiganja, akamtazama njiani, na akamkabidhi mwenye duka ambaye alikuwa na picha yake nyingine imetundikwa ukutani.

Lakini nchi hii ilikuwa pia na kiongozi ambaye watoto hawakuhitaji sarafu ili kumjua. Masinde Muliro alizaliwa Matili, karibu na Kimilili, mwaka 1922, akasoma mpaka Chuo Kikuu cha Cape Town, na mwaka 1957, katika uchaguzi wa kwanza ulioruhusu Waafrika kuchagua wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria, akamshinda W. W. W. Awori kwa kiti cha Nyanza ya Kaskazini. Katika chama cha KADU alikuwa naibu wa Ronald Ngala, na chama hicho kiliposimama kwa hoja ya majimbo, yeye aliitetea Kitale kama nchi ya watu wake. Mwaka 1975 alifukuzwa katika Baraza la Mawaziri kwa sababu alipiga kura pamoja na waliotaka ripoti juu ya kuuawa kwa mbunge J. M. Kariuki ikubaliwe na Bunge. Muliro alikuwa mtu wa karibu, mkulima kati ya wakulima. Na mtoto aliyemjua kiongozi wa namna hiyo alijifunza kwamba ukubwa hauhitaji king'ora ili utambulikane.

Kenyatta alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978, na Daniel arap Moi, aliyekuwa Makamu wa Rais tangu 1967, akashika mahali pake. Toka hapo yaliingia mambo mapya katika maisha ya watoto wa Kitale na Bungoma, kwa kuwa Moi alikuwa kiongozi wa barabarani. Nyumbani kwake Baringo hapakuwa mbali. Bonde la Ufa na Magharibi alizijua kijiji kwa kijiji. Na kabla ya siasa alikuwa mwalimu, huko Tambach na Kabarnet, kwa hiyo safu ya watoto waliovaa sare haikuwa kwake jambo geni. Mwaka 1979 alianzisha mpango wa maziwa ya bure kwa shule za msingi, na maziwa ya Nyayo, kama yalivyoitwa, yakaanza kufika katika pakiti zenye pembe tatu. Kwa mtoto ambaye kwao ng'ombe hakuwapo, au alikuwapo lakini maziwa yake yaliuzwa ili kulipia mahitaji mengine, pakiti ile ilikuwa ushahidi wa mkononi kwamba mtu aliye mbali alimfikiria. Kila siku redio ya Sauti ya Kenya ilianza taarifa ya habari kwa kueleza Mtukufu Rais amefanya nini. Picha yake ilikuwa katika kila duka na kila ofisi. Na toka mwaka 1980 sarafu zilibeba sura yake. Mtoto alimnywa, alimsikia na kumshika, na kilichobaki kilikuwa kumwona.

Habari za ziara zilianza kwa chifu, zikashuka kwa naibu wake, zikamfikia mwalimu mkuu, naye akazitangaza kwenye paredi ya asubuhi. Toka saa hiyo mambo ya kawaida yalisimama. Mawe ya kando ya barabara yalipakwa chokaa, nyasi zilifyekwa, mashimo yaliyolalamikiwa miaka mingi yakajazwa changarawe kwa siku mbili, na mwalimu wa muziki akawa mtu wa kuheshimiwa kuliko wote shuleni, kwa sababu kwaya sharti iwe tayari. Wanafunzi wa Bungoma walifanya mazoezi ya kamabeka, ile ngoma ya kutikisa mabega ambayo Wabukusu huicheza kwa fahari, na wazee wapiga litungu wakakaza nyuzi zao. Jioni akina mama walifua sare zikauka karibu na moto, walishona vifungo vilivyokatika, wakawapaka watoto mafuta miguuni hata magoti yakang'aa. Yule asiyekuwa na viatu hakuona haya siku hiyo, kwa sababu wengi walikuwa kama yeye, na kwa sababu shauku haitazami miguu.

Siku yenyewe ilianza alfajiri. Watoto walitembea maili kadhaa kutoka ndani ya vijiji hadi barabara kuu, walimu wakiwa mbele na nyuma, wakifika saa moja au saa mbili asubuhi kwa msafara ambao pengine ungepita saa nane. Kungoja kwenyewe kulikuwa shule ya namna yake. Uvumi ulipita kutoka safu hadi safu: amekwisha vuka daraja la Nzoia, la, bado yuko Eldoret, la, amesimama Kiminini anazungumza na watu. Jua likapanda, wengine wakazirai wakapelekwa kivulini, mvua ya alasiri, ambayo katika nchi ya mlimani haikosi kwa miezi mingi, ikawanyeshea nao hawakutawanyika. Kisha zikasikika pikipiki za askari, na jambo lote ambalo lilingojewa toka juma lililopita likaja kwa kishindo na taa na vumbi. Ikiwa msafara haukusimama, mtoto alipata nukta chache tu: mkono ulioinuliwa, rungu jeupe la pembe, ua katika upindo wa koti, na uso ambao ulikuwa ule ule wa sarafu, ila una rangi na unatabasamu.

Lakini mara nyingi ulisimama, na hapo ndipo furaha ilipopita mipaka. Moi alisimama juu, mwili umetoka katika paa la gari, akaisikiliza kwaya, akaupungia umati rungu lake. Katika hafla za serikali alisoma hotuba kwa Kiingereza, kisha akaiweka kando na kusema kwa Kiswahili chake cha kawaida; bali barabarani Kiswahili ndicho kilichotawala toka mwanzo, na kila mtoto wa darasa la tatu alielewa. Aliwaambia wasome, wawatii wazazi, wapendane. Aliuliza habari za mahindi na mvua. Mambo hayo yalikuwa mepesi, na yangeweza kusemwa na mwalimu yeyote, lakini mtoto aliyarudisha nyumbani kama mjumbe arudishavyo risala, akayakariri mbele ya nyanya yake neno kwa neno. Wengi waliokuwa watoto miaka ile ni watu wazima sasa, na wamo miongoni mwao walioteswa na utawala ule au kuupinga kwa nguvu zao zote. Nao hata hivyo hawaikani furaha ya siku hiyo, kwa kuwa ilikuwa yao wenyewe, na ilikuwa ya kweli.

Kweli hiyo lakini haimpi mwandishi wa tarikhi ruhusa ya kuufumbia macho upande wa pili. Mwezi Juni 1982 Bunge liliifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kwa sheria. Kwaya za sifa zikazidi, na kiapo cha utiifu kikafundishwa shuleni, hata likawa jambo gumu kutambua ni wapi shauku ya mtoto inakoma na amri ya mkubwa inaanza. Siku za masomo zilipotea barabarani. Mwalimu aliyeona kwamba watoto wamechoka hakuthubutu kuwarudisha nyumbani, kwa kuwa safu pungufu ingemletea maswali. Wakati watoto wakiimba katika jua, wapinzani wa serikali walikuwa gizani, katika vyumba vya chini vya Nyayo House, Nairobi. Dhambi ya hayo haimwangukii mtoto hata chembe. Inawaangukia waliojua vyote viwili, wimbo na vyumba, na wakautumia wimbo kufunika vyumba.

Amana ilivunjwa waziwazi mwishoni mwa mwaka 1991 na katika mwaka 1992. Mfumo wa vyama vingi uliporudi, machafuko ya kikabila yalizuka katika Bonde la Ufa na Magharibi, na nchi yetu hii ilikuwa katikati yake: Endebess, Kwanza na Saboti katika Trans Nzoia, Mlima Elgon na sehemu za Bungoma. Nyumba zilichomwa, watu waliuawa, na maelfu wakakimbilia Kitale na vituo vingine, ambako familia za Endebess zilikaa katika vibanda kwa miaka mingi. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku ilichunguza, na ripoti yake ya mwaka 1992 ikawataja watu wenye vyeo katika serikali kuwa wachochezi. Barabara zile zile ambazo zilipambwa kwa chokaa na matawi sasa zilibeba akina mama wenye magodoro vichwani na watoto wenye kuku mikononi. Aliyekuwa amehimizwa kupendana na jirani alimkimbia jirani, na mkono uliopunga rungu haukuonekana ukimlinda. Mwaka huo huo, tarehe 14 Agosti, Masinde Muliro, ambaye alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha FORD, alianguka na kufariki katika uwanja wa ndege wa Nairobi alipokuwa akirudi safarini. Wabukusu wakampoteza mwombezi katika saa waliyomhitaji mno.

Miaka 10 baadaye Wakenya walibadilisha serikali kwa kura, na Michael Wamalwa Kijana, mzaliwa wa upande wa Kimilili na mbunge wa Saboti, akawa Makamu wa Rais chini ya Mwai Kibaki mwezi Januari 2003. Kwa mara ya kwanza mtoto wa Kitale aliweza kusema kwamba mtu wa pili katika nchi ni jirani yake. Fahari hiyo haikudumu: Wamalwa alifariki London tarehe 23 Agosti mwaka huo huo, na tarehe 6 Septemba akazikwa katika shamba lake Kitale, mbele ya Rais Kibaki na umati mkubwa. Wako watoto ambao kumwona Rais wa nchi kwa mara ya kwanza kuliwajia siku hiyo ya msiba. Na nadhani waliona jambo ambalo misafara ya zamani haikuwaonyesha, kwamba mkubwa naye hufa, na kwamba mwenye dola husimama penye kaburi la rafikiye kama mtu yeyote aliyefiwa.

Katiba ya mwaka 2010 iligeuza mambo mengi, na miongoni mwayo limo moja ambalo watoto walilitambua upesi kuliko wazee. Ibara ya 231 inakataza sura ya mtu yeyote kuwekwa juu ya fedha za Kenya. Kwa hiyo sarafu mpya zilipotolewa mwezi Desemba 2018, ya shilingi moja ilikuwa na twiga, ya tano kifaru, ya kumi simba, na ya ishirini ndovu. Mtoto anayetumwa dukani Bungoma leo hambebi Rais kiganjani. Ana gavana wa kaunti yake, aliyechaguliwa na wazazi wake, kama ilivyokuwa toka mwaka 2013. Ana mwakilishi wa wadi ambaye anaweza kumkuta sokoni Chwele. Na Rais amerudi kuwa mtu ambaye, ili aonekane, sharti aje.

Naye alikuja. Toka mwaka 2016 baadhi ya sikukuu za taifa, ambazo zamani ziliadhimishwa Nairobi, zimekuwa zikipelekwa katika kaunti mbalimbali. Na tarehe 1 Juni 2024 zamu ya Madaraka iliifikia Bungoma, katika uwanja wa Kanduyi ambao umepewa jina la Masinde Muliro. Rais William Ruto alikagua gwaride la majeshi mbele ya watu waliokuja kutoka pande zote za mlima. Si jambo dogo kwamba mtoto wa Sirisia au wa Tongaren aliyaona kwa macho yake mambo ambayo wenziwe wa vizazi vilivyopita waliyasikia redioni tu. Na si jambo dogo kwamba aliyaona katika uwanja wenye jina la mtu aliyefukuzwa uwaziri kwa kuwa alipiga kura kwa haki. Sioni sababu ya kuidharau furaha ya siku ile, kwa kuwa taifa lisiloonekana na watoto wake ni jina tupu.

Haukupita mwezi mmoja, hali ikageuka. Vijana wa Kenya, wengi wao waliozaliwa baada ya Moi kuondoka madarakani au miaka michache kabla, walijaa katika barabara za miji kuupinga Mswada wa Fedha. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge, watu wakauawa kwa risasi, na siku ya pili yake Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Wako waliostaajabu, wakiuliza ni wapi ilikokwenda heshima ya watoto waliosimama kando ya barabara wakiimba. Mimi sistaajabu. Heshima ya kweli na madai ya kweli huzaliwa na mama mmoja. Mtoto aliyengoja toka alfajiri ili amwone kiongozi alikuwa akisema, kwa namna pekee aliyoijua, kwamba mambo ya nchi yanamhusu. Akikua na kuyaona mambo hayo yakiharibika, atarudi barabarani kwa sababu ile ile, ila safari hii hatangoja apungiwe mkono.

Basi wenye madaraka wa leo na wa kesho wasiwaonee watoto choyo ya furaha hii, wala wasiinunue kwa siku za masomo yao. Waje Kitale, waje Bungoma, wasimame, waseme lugha ambayo mtoto anaielewa, na ahadi waitoayo mbele ya kaptura na sketi za shule waione nzito kuliko ile waitoayo mbele ya mabalozi. Na walimu wanaowapanga watoto safu wawaambie ukweli ambao walimu wa zamani walizuiwa kuusema: kwamba mtu yule anayepita ni mtumishi wao, kwamba wazazi wao ndio waliompa kazi, na kwamba sheria inawaruhusu kumwondoa. Mtoto anayeambiwa hivyo hatapunguza shangwe yake. Atashangilia akijua anachoshangilia, na baada ya miaka michache atampigia kiongozi huyo kura au atamnyima, na haki yake katika yote mawili ni moja.